Kocha Mkuu Mtarajiwa wa Kituntu

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Siku kubwa! Kocha mkuu wa timu ya kikapu ya chuo chetu cha Kituntu amehamia Bukoba. Kiti kiko wazi. Nani wa kukikalia kama si mimi, Cleophace, kocha msaidizi? Nilianza kwa kupaka chokaa mistari ya uwanja. Nikapanda, nikawa mjaza upepo wa mipira. Kisha msaidizi. Sasa mkuu. Baadaye chuo kikuu, Mwanza. Halafu timu ya taifa, suti na filimbi shingoni. Njia imenyooka kabisa.

Mkuu wa chuo, Mama Placidia, akaniita ofisini. Niliingia nimeshafunga tai. Akasema yuko mwingine anayefikiriwa: Madam Kauthar, mwalimu mpya wa hisabati, kwa sababu eti amewahi kucheza kikapu. Kucheza! Mimi sijawahi kucheza, na ndiyo maana sijawahi kufungwa.

Jumamosi tunacheza na chuo cha Nyakatuntu. Tutaongoza timu pamoja, Mama Placidia atatazama. Atakayemridhisha ndiye mkuu. Mwingine atahamia stoo, kwenye mipira na chokaa. Nimemwambia sina wasiwasi hata kidogo. Nimemwambia tena nikiwa mlangoni, kama hakusikia.

Jumanne, 12 Novemba

Mazoezi. Kauthar kanisalimia shikamoo mbele ya vijana. Heshima gani hiyo? Ananizeesha makusudi! Tumepishana miaka michache tu, na mimi nina uso wa kijana.

Nimechora mbinu zangu ubaoni, mishale kila upande. Winston, nahodha, akauliza kwa adabu zote mchezaji wa sita ni nani, maana timu ina watano. Nikamjibu hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Wakacheka. Kauthar hakucheka, alimfuta tu mchezaji mmoja kwa kidole. Hilo liliniuma zaidi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimebadili njia. Kiongozi mzuri hupelekewa zawadi. Nimekata mkungu mnene shambani kwangu, nikaubeba begani hadi kwa Mama Placidia. Nimefika nimelowa jasho, nikapiga hodi kwa unyenyekevu.

Akautazama mkungu. Akanitazama mimi. Akauliza ni lini nilisikia kwamba yeye anapika rubisi. Kumbe ni ndizi za pombe! Mama mwenyewe ni kiongozi wa kwaya usharikani, hata chupa ya pombe haipiti getini kwake. Nimerudi nao begani, kijiji kizima kikiniuliza sherehe ni lini.

Kosa ni la Vero, mke wangu. Yeye ndiye anayeshinda shambani. Angeweka alama.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimepata! Jioni, katikati ya mazoezi, kundi la senene, panzi wetu watamu, limepita juu ya uwanja. Winston ameuacha mpira hewani. Wote wakakimbilia kwenye nyasi, wakiokota na kusukumana. Kauthar peke yake alibaki kasimama, akiuliza kuna nini. Kwao ni Tanga, senene anawaita wadudu. Maskini.

Basi nikawaza. Vijana wa Nyakatuntu ni watu wa huku huku. Hajazaliwa wa huku atakayempita senene akaendelea na shughuli zake. Nikiwawekea senene karibu na goli lao, nani atalinda goli?

Vero amesema alfajiri anapanda mlimani Rugu na wenzake kuokota. Mila yetu ni kwamba mke akimletea mume senene, mume hujibu kwa kitenge. Mwaka jana nilijibu kwa asante. Aliipokea, lakini hakuivaa.

Jumamosi, 16 Novemba

Vero amerudi na kiroba kimejaa, miguu imelowa umande hadi magotini, anatabasamu. Akasema senene wote ni wangu, wa siku yangu kubwa. Aoge kwanza, kisha awanyonyoe na kuwakaanga. Nimeguswa, kweli nimeguswa. Nilitaka kulia. Aliposhika ndoo ya maji, nikachukua kiroba nikatoka.

Mchezo ulianza asubuhi, wingu limetanda, na mapumziko yalifika tukiwa nyuma kwa pointi mbili. Watu wanakunywa maji. Nikajifanya nakagua nguzo, nikamwaga kiroba chote nyuma ya goli la Nyakatuntu. Baridi ilikuwa imewalegeza senene, wakatulia kwenye nyasi. Safi kabisa!

Filimbi ikalia. Na timu zikabadilishana magoli! Nani alitunga sheria hii? Kauthar anadai ipo tangu mchezo wenyewe uanze. Basi ningeambiwa!

Jua likatoka, senene wakaanza kuruka, na waliokuwa karibu nao ni vijana wangu. Winston akavua fulana, akaifanya mfuko. Nyakatuntu wakaja na mpira kutufunga, wakauacha pale pale. Refa, Bwana Gaudiosus, akavua kofia akaijaza, filimbi ikiwa mdomoni. Mama Placidia mwenyewe alipiga magoti na kutandaza mtandio!

Aliyebaki uwanjani ni Ainebyona wetu tu, ambaye akila senene midomo inavimba. Kauthar akampigia kelele kwamba filimbi haijalia, acheze. Kijana akaokota mpira, akaenda nao, akarusha kutoka mbali. Pointi tatu. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kurudi kucheza, mikono yote imejaa. Refa akatangaza mchezo umekwisha. Tumeshinda kwa pointi moja.

Mimi? Nilikuwa chini, naokota. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikasikia sauti ya Vero juu yangu, akiuliza mbele ya vyuo viwili, kwa heshima zote za kwetu: "Waitu Cleophace, kiroba changu kinafanya nini hapa?"

Jumapili, 17 Novemba

Mama Placidia kaniita baada ya ibada. Kocha mkuu ni Kauthar. Mimi, stoo. Akanishukuru kwa senene, walikuwa wanono. Nimesema nimefurahi. Sikufurahi. Nimetembea hadi nyumbani.

Vero amekaanga waliobaki. Ameketi mlangoni, anakula mmoja mmoja, ananitazama. Nimemwahidi kitenge. Akasema alfajiri ya Rugu ina baridi, na alikwenda kwa ajili yangu. Kisha akaendelea kula. Sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeshinda napaka chokaa. Kauthar kapita, kasema shikamoo, kasifia mistari. Kejeli tupu!

Lakini njia bado imenyooka. Habari zimefika kwamba Nyakatuntu wamemfukuza kocha wao kwa kuokota senene pamoja na wachezaji. Kiti kiko wazi! Kesho napeleka maombi. Tena watataka kulipa kisasi, kwa hiyo mchezo wangu wa kwanza utakuwa dhidi ya Kauthar.

Nimetafakari kwa kina wapi nilikosea. Ni senene. Wanaruka mno. Nyuma ya nyumba tuna kichuguu, Vero anasema mvua ikinyesha tena kumbikumbi watatoka. Amekwisha andaa ndoo. Nitawamwaga wakati wa mapumziko, kimya kimya, nyuma ya goli lile lile Kauthar atakalokuwa amelinda kipindi cha kwanza.