Barua za Aune kwenye Mashine ya Chama

Jumatatu, 4 Februari 2019

Nimeshinda! Mkutano wa chama chetu cha kuogelea barafuni umenikabidhi barua pepe zote za chama. Kyösti, makamu mwenyekiti, alitaka tukodi kampuni ya Helsinki. Nikasimama. Nikasema mimi Reijo nimekuwa tarishi wa posta hapa Iisalmi tangu ujana hadi kustaafu, barua ni damu yangu, na Linux, programu ya kuendesha kompyuta, ni ya bure, tena imezaliwa nchini kwetu. Mwenyekiti, Marketta, akasema haya, jaribu. Kyösti akaninong'oneza, “Haya, fundi. Tutaona maji yakizidi unga.” Wivu mtupu! Seva, yaani mashine ya barua, ikifanya kazi, kwenye uchaguzi wa Machi umakamu ni wangu.

Jumatano, 6 Februari

Kompyuta ya chama inakaa kabatini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ukuta mmoja na sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Vumbi tele. Barua kuukuu tele. Nimefuta kila kitu, nikaweka Linux mpya. Nakala sikutoa. Nani anasoma matangazo ya mwaka juzi? Kisha ukurasa wa kusomea barua ukafunguka kwenye kivinjari! Nikaingia. Sanduku tupu, jeupe, la mkono wangu mwenyewe. Machozi yakanilengalenga. Mvuke wa sauna, bila shaka.

Ijumaa, 8 Februari

Balaa. Barua zinatoka, hazifiki. Marketta ameikuta ya kwake kwenye kapu la takataka, katikati ya dawa za nguvu za kiume na urithi wa mwana wa mfalme. Kumbe kampuni kubwa za barua pepe haziiamini seva ngeni mpaka ithibitishwe kwamba kweli ni ya chama. Nimeandika uthibitisho. Nimekosea herufi. Nimeandika tena.

Halafu nikaweka jibu la kujiendesha: “Asante, barua yako imefika.” Kyösti naye analo la kwake: “Asante, nipo likizo Lapland.” Mashine mbili zikashukuriana mchana kutwa hadi diski ikajaa. Kyösti amepiga simu toka huko, anacheka hadi anakohoa. Anasema hajawahi kushukuriwa namna hii na mtu wa Iisalmi.

Jumapili, 10 Februari

Mzee Onni Lehtovaara amenipigia. Huyu si mtu wa simu. Ameuliza, kwa upole kabisa, barua za Aune ziko wapi.

Aune ni mkewe. Alikuwa katibu wetu, tulimzika Oktoba. Matangazo yote ya chama aliyatuma yeye: siku ya kuogelea, zamu ya kukoka sauna. Sikujua kwamba kwenye nakala ya Onni alikuwa akiongeza mstari wa chini, wa mume wake peke yake. Mzee amekuwa akiingia kwenye sanduku lake la chama kila Jumapili, baada ya kahawa, anasoma moja. Leo ameingia, amekuta jeupe.

Nikamwambia asihofu, zinahamishwa. Zinahamishwa! Simu imekatika, mimi bado nimeishika sikioni.

Jumanne, 12 Februari

Nimejaribu kuzifufua. Hakuna kitu. Linux imezikalia kama theluji juu ya kaburi.

Lakini Reijo hakosi mpango! Marketta ana matangazo yote ya Aune kwenye anwani yake binafsi, yale ya kila mtu. Nimeyaomba, nikasema ni kwa ajili ya historia ya chama. Chini ya kila moja nimeongeza mstari. Aune namjua, mlangoni kwake nimepeleka barua tangu anaolewa. Nikaandika: “Mpenzi wangu Onni, moyo wangu uko nawe daima.” Nimelia mwenyewe. Nikarudisha tarehe nyuma, nikazitia sandukuni mwake. Kazi safi!

Alhamisi, 14 Februari

Onni ameniita kwake, juu ghorofani. Akaweka kahawa na mkate mtamu wa iliki. Tukala.

“Reijo,” akasema. “Aune hakuwahi kuniita mpenzi. Hata siku ya harusi.”

Nikauliza, sasa alikuwa anakuitaje, mzee?

“‘We Lehtovaara.’ Kama askari. ‘We Lehtovaara, vaa soksi za sufu, ngazi ya ziwani inateleza.’ Basi. Ndiyo hayo tu nilikuwa nayasoma.”

Nikasema zimepotea. Nikasema nimezifuta mimi. Hakufoka. Laiti angefoka! Alitazama ziwa dirishani, kisha akasema sauti ya Aune ilishaanza kumtoka masikioni, ila mle kwenye zile barua alikuwa bado anaisikia.

Nikainuka niondoke. Akanimiminia kahawa nyingine.

“Kaa unywe. We mjinga, lakini hakuna mwingine anayepanda ngazi hizi.”

Jumamosi, 16 Februari

Marketta amewapa barua pepe wale wa Helsinki. Mambo yakakaa sawa siku hiyo hiyo. Kyösti hakunicheka, alinipiga bega tu. Hilo ndilo lililouma.

Leo nimeshinda kutwa kwa Onni. Kompyuta yake imezeeka, kuiwasha ni kungoja kama kwa daktari. Ndani yake kuna picha zote za Aune. Nikamwambia Linux itaifanya ikimbie kama mbwa wa kukokota sleji juu ya theluji. Akasita. Akauliza, na picha? Nikamjibu mzee wangu, safari hii nina uzoefu! Akanitazama sana, halafu akaniachia kiti, akaenda kufagia theluji uani. Nauona mgongo wake toka hapa.

Nakala ya picha inataka diski ya pembeni. Yangu nimeisahau nyumbani, na nje baridi inakata masikio. Diski ya mzee ni nzima, itastahimili. Mashine inauliza swali lile lile la ile ya chama: nifute, niendelee?

Nimebonyeza ndiyo. Akirudi atashangaa!