Chama Changu cha Kila Nchi

Jumatatu, 4 Novemba

Nyumba ya Utamaduni, ukumbi wetu wa ngoma na sherehe, haina mkurugenzi. Mzee Haralampi kastaafu, kaenda zake kufuga nyuki. Nafasi ni yangu. Nani mwingine? Nimepiga kodiani kwenye kila harusi ya kijiji hiki tangu enzi nina nywele.

Jioni Varvara, mke wangu, kapiga simu kutoka Italia. Miaka yote hii yuko huko anamwogesha bibi kizee wa watu. Kasema hivi: nikipata kazi ya maana kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri kwisha, anafunga mizigo, anarudi Krismasi moja kwa moja. Nisipopata, nisimngoje tena. Kasema taratibu tu, kama anayetaja bei ya vitunguu. Nimeumia. Sikumwonyesha.

Basi, mkakati! Pasipoti ninazo tatu, kama wanaume wengi wa huku kusini mwa Moldova. Ya hapa, ya Romania kwa sababu ya babu, ya Bulgaria kwa sababu ya damu. Wenzangu wanazitumia kwenda ng'ambo kuwajengea watu nyumba. Wajinga. Nchi tatu ni kura tatu, na kura tatu ni vyama vitatu vya kumbeba mtu mmoja.

Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi kwa Meya Trofim. Chama chake, Nchi Yetu Pekee, hakitaki tuungane na mtu yeyote, abadani. Nikapiga meza. Nikasema atakayetaka kutumeza aanze na mimi. Kaniita ndugu. Kaahidi nafasi.

Mchana mjini Kahul, kwa Bi Livia wa chama cha Mto Mmoja. Hao ni wa Romania, wanataka mpaka wa mto Prut ufutwe na sisi tumezwe tuishe. Nikamwambia nimengoja kumezwa tangu utotoni. Mama wa watu kafuta chozi. Kaahidi kumpigia simu mkubwa mmoja wilayani.

Mambo hayo!

Jumatano, 6 Novemba

Bwana Rumen wa chama cha Damu Moja, cha Bulgaria, kafikia kwa mwalimu mkuu. Huyu anataka kila mwenye damu ya Kibulgaria afungashe virago, arudi kwa mababu. Nikaapa nitakuwa wa kwanza kupanda basi. Kaahidi paa jipya la Nyumba ya Utamaduni, mradi mkurugenzi awe mtu wake.

Kurudi nyumbani, namkuta shemeji Gavril, kaka yake Varvara, anasugua tarumbeta yake barazani kwangu. Nani kamwita? Kanisikia nikifanya mazoezi ya hotuba zangu. Kacheka mpaka kapaliwa. Eti, "Shemeji, vyama vyako vikishinda vyote, nchi itakuwa imemezwa, haina mtu ndani, na bado haijaungana na yeyote!" Eti mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu mimi nimeshika tatu. Ikiponyoka moja zinabaki mbili. Hesabu hajui.

Gavril ana pasipoti moja, na siku ya kura hulala mpaka adhuhuri. Mtu wa namna hiyo ataijulia wapi siasa.

Alhamisi, 7 Novemba

Kesho Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya kijiji. Nimewaalika wote watatu, maana ahadi isiyonyweshwa mvinyo hukauka. Meya asubuhi akitoka kanisani. Livia mchana. Rumen jioni. Kila mmoja atadhani meza ni yake peke yake.

Gavril anasema hajazaliwa wa kuwapangia saa wageni wa sikukuu. Siku hiyo milango yote iko wazi, anayekuja anakuja, na hakuna anayemwuliza mgeni ataondoka lini. Wivu huo. Nimepika sarma mwenyewe, nyama ya kufungwa kwa majani ya kabichi. Kabichi imefumuka yote, nyama inaogelea. Varvara angejua la kufanya.

Ijumaa, 8 Novemba

Ole wangu!

Meya kaja asubuhi, kakaa, hakunyanyuka tena. Nikamwambia nasikia mkewe anamtafuta. Eti na atafute. Nikapiga miayo. Wapi! Mgeni wa siku hii hafukuzwi. Babu yangu alimlisha mpaka jua kuzama mtu aliyemwibia farasi.

Mara Livia huyo mlangoni. Na nyuma yake nani? Rumen! Kampa lifti njiani!

Na kwetu glasi ni moja. Inazunguka meza mkono kwa mkono, na aliyeishika lazima aseme neno lake kabla ya kunywa. Harukwi mtu. Nikakimbilia kabatini kuleta glasi zaidi. Wageni wakanizomea, tangu lini!

Meya kasimama. Kwa Pantelei, mtu wetu, ambaye yuko radhi afe kuliko kuungana na jirani! Akanywa. Livia rangi imembadilika. Kwa Pantelei, mtu wetu, aliyengoja kumezwa tangu utotoni. Akanywa. Rumen naye, polepole. Kwa Pantelei, mtu wetu, ambaye mizigo yake iko mlangoni.

Glasi ikamfikia Gavril. Nikasema moyoni, leo ananimaliza. Akaishika. Akasema, "Kwa dada yangu Varvara, mwenye meza hii, ambaye hayupo." Akanywa. Sikuweza kumtazama usoni.

Ikabaki zamu yangu. Nikasema Mungu avibariki vyama vyote.

Wakacheka! Livia alishika pazia asianguke. Kumbe Meya mwenyewe ana pasipoti tatu! Kura ya Romania humpa Livia kila mara, kwa sababu ya fedha za barabara. Na Rumen ni binamu yake Meya kwa upande wa mama. Wakakumbatiana mezani kwangu. Nikasema ala, kumbe sote tumo! Meya akanishika bega. Akasema, "Ndugu yangu, kula huku na huku tunakula wote. Lakini mwenye akili hawakutanishi wenye vyungu." Akasema mtu aliyechekwa na vyama vitatu hakai ofisini.

Glasi haijamaliza mzunguko wa pili, Nyumba ya Utamaduni wakampa Gavril. Hana chama, kwa hiyo hakuna wa kumgombania. Wala hakuomba! Alikuwa anatafuna pilipili!

Jumamosi, 9 Novemba

Gavril kaja kusema anaikataa kazi. Nikamwambia basi ikatae. Kajikuna. Kasema akiikataa anapewa mpwa wa Meya, kwa hiyo ameikubali. Eti nije kupiga kodiani siku za ngoma. Nimemfukuza, tarumbeta kaisahau.

Varvara kapiga. Anajua yote. Hakugomba. Afadhali angegomba. Keshamwambia bibi kizee kwamba anabaki. Halafu kaniuliza, kwa kweli kabisa, kati ya vile vyama vitatu mimi napenda kipi. Nikasema nakupenda wewe.

Akasema, "Na mimi ndivyo ulivyonifanya, Pantelei. Ulinipa nililotaka kulisikia." Kakata simu.

Nimekaa jikoni na masufuria machafu ya watu walionicheka. Nimelia. Naandika ukweli, hakuna anayeona.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamka na akili mpya!

Gavril, alipofuata tarumbeta yake, kachomoa neno. Yule bibi kizee ana mtoto wa kiume, na mtoto huyo anagombea udiwani huko Italia. Ndiye anayempa Varvara likizo, ndiye anayemnyima. Huyo ndiye mlango! Mgombea yeyote anahitaji mtu wa kumwunga mkono kwa dhati.

Nimemwuliza Gavril mgombea huyo ni wa chama gani. Hajui. Kasema niachane na vyama, nipande basi, nikamwombe mke wangu msamaha kwa mdomo wangu. Msamaha! Siasa hajui kabisa huyu.

Koti nimelipiga pasi. Hotuba nimeianza. Chama chenyewe sijakijua jina, lakini mimi ni mwanachama wake wa siku nyingi.