Mwalimu Wenu Amemfundisha Binti Yangu Faharasa

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi inayotazamana na saluni ya kinyozi
(kinyozi ndiye mimi).

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: MWALIMU WA DARASA LA TATU NA MAAFA ALIYOILETEA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na walimu wenzako wote, isipokuwa mmoja, ambaye naye namtakia afya njema ila kwa kiasi.

Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la tatu ambaye nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Wewe mwenyewe nimekunyoa mara nyingi, kisogo chako nakijua kuliko unavyokijua, kwa hiyo naomba usinichukulie kama mzazi mkorofi. Mimi ni mtu wa amani niliyefika mwisho.

Kabla ya muhula huu Chiriku alikuwa anasoma kama tulivyosoma sisi. Anaanzia neno la kwanza, kwa sauti, kidole kikitembea chini ya mstari, mpaka usingizi umchukue. Hakujua alichosoma, na sisi hatukumuuliza. Tuliishi vizuri. Kisha mwalimu wenu akaja na somo lake la vitabu vya maarifa. Akawaambia watoto kwamba kitabu cha mambo ya kweli hakisomwi kama hadithi ya sungura. Kina yaliyomo huku mbele, yanayokuonyesha kila sura iko ukurasa gani. Kina faharasa huku nyuma, ya kutafutia neno moja tu unalolitaka. Kina vichwa vya habari, maelezo chini ya kila picha, na michoro yenye mishale. Binti aliponieleza hayo nilisema, "Vizuri sana, mwanangu." Nalifuta neno hilo leo, kwa maandishi.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Ameniua kibiashara.

Ndugu Mwalimu Mkuu, mtu haji saluni kwangu kunyolewa tu. Anakuja kubishana. Nywele ni kisingizio. Na hakuna ubishi uliowahi kunilisha kama ule wa nundu ya ngamia: je, ndani mna nini? Dereva wa lori, yule anayejulikana kama Injini, alisema ni maji, maana ngamia anatembea jangwani bila kuomba. Seremala alisema ni mfupa. Tena kuna mteja tunayemwita Haiwezekani, ambaye hana upande. Kazi yake ni kukataa. Kwa ajili ya nundu hiyo watu walikuwa wanarudi kunyolewa kabla nywele hazijaota. Mimi kama mwenye saluni ndiye niliyekuwa hakimu, na hukumu nilikwisha kuitoa: ni maji, mengi, na ukiweka sikio kwenye nundu unayasikia yakicheza.

Siku hiyo Chiriku alitoka shule, akaweka mkoba chini, akatoa kitabu cha maktaba yenu. Hakukifungua mwanzo. Hakukifungua katikati. Alikifungua nyuma, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu kupitia mlango wa jikoni, akateremsha kidole: "Ndovu... ngamia... nundu. Hii hapa!" Akaruka moja kwa moja hadi kwenye ukurasa. Pale pamechorwa ngamia aliyekatwa ubavuni, mshale umechomekwa kwenye nundu, na mwisho wa mshale pameandikwa: mafuta.

Mashine ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha seremala, nami nilisahau kuisogeza, akapata njia ambayo hakuiomba.

Injini akaniangalia. "Hakimu," akasema, "yale uliyoyasikia kwa sikio yalikuwa nini?"

Tangu hapo ubishi haumalizi hata kichwa kimoja. Mtu anaingia, anauliza, "Chiriku ametoka shule?" Anajibiwa swali lake, anashukuru, anaondoka na nywele zake. Popo ni ndege au mnyama? Faharasa, herufi ya P, kwisha. Haiwezekani amehamia kwa kinyozi wa njia panda. Nilipomfuata kumbembeleza alinijibu, "Kwako siku hizi kila kitu kinawezekana kujulikana. Kule hawana kitabu hata kimoja, tunabishana kwa raha zetu."

2. Siwezi tena kumkaripia mtoto wangu.

Alimwaga kopo zima la poda. Nikaanza kumkaripia kama baba yeyote, yaani nilianza na poda, nikapita kwenye kiatu alichopoteza mwaka jana, nikagusa tabia za upande wa mama yake, nikaelekea kwenye maisha magumu niliyopitia mimi. Alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Nilipovuta pumzi akasema, "Baba, kichwa cha habari kilikuwa poda. Hapa ulipofika ni sura nyingine." Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Karipio halijawahi kurudi.

3. Amenitafsiri.

Mwalimu aliwafundisha kwamba kitabu kizuri huwa na orodha ya maneno magumu na maana zake, yamepangwa kwa alfabeti. Chiriku akaona nyumba yetu nayo ina maneno magumu. Akatengeneza orodha, akaibandika kwenye mlango wa jikoni. Nainukuu kama ilivyo:

MANENO YA BABA
Kesho: siku ambayo haipo kwenye kalenda.
Ngoja nimalize taarifa ya habari: analala.
Nipo njiani: bado yupo saluni.
Sasa hivi: jioni.
Tutaona: hapana.

Juzi nilimpigia simu mke wangu kumwambia nipo njiani. Nikamsikia akitembea hadi kwenye mlango wa jikoni, akasoma, akarudi kwenye simu, akasema, "Haya, msalimie Injini." Na Injini kweli alikuwa kitini, nimempaka sabuni nusu ya uso. Siku hizi mama mtu anaongeza maneno kwa mwandiko wake mwenyewe. Nimeacha kuyasoma.

4. Picha ya sebuleni.

Nina picha moja ukutani, ya ujanani, nimeegemea gari jeusi, mkono mmoja mfukoni. Picha hiyo haijawahi kusema uongo. Imekaa kimya tu, na wageni wamejisemea wenyewe. Chiriku akasema picha bila maelezo chini yake haijakamilika. Mimi nilikuwa na wateja, hivyo akamuuliza shangazi yake, dada yangu, ambaye ndiye aliyeipiga na ambaye hajawahi kunipenda tangu nizaliwe baada yake. Sasa chini ya picha kuna kikaratasi chenye mwandiko mzuri sana: "Baba akiegemea gari la daktari. Daktari haonekani kwa sababu hakuambiwa."

Shemeji yangu alipokuja kututembelea alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko anavyosimama mbele ya mtu yeyote.

5. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa nasi, na ana hadithi moja, ya maisha yake. Huanza baada ya chakula cha jioni na haina mwisho unaojulikana. Kwa heshima tulikuwa tunaisikiliza huku kila mmoja akiwaza mambo yake, na mimi nilikuwa nimejifunza kulala macho wazi. Basi Chiriku akamuuliza, "Bibi, hadithi yako ina yaliyomo?"

Nilidhani bibi atakasirika. Nilitumaini hivyo. Badala yake alimwita mjukuu kando, wakakaa na kalamu, wakaigawa hadithi katika sura. Sasa jioni watoto wa majirani wanajaa kibarazani, mama mkwe anauliza, "Leo mnataka sura gani?" na wote wanapiga kelele, "Ya nane! Ya nane!" Sura ya nane, Ndugu Mwalimu Mkuu, inaitwa "Mkwe Anakuja Kuposa, Kiti Kinavunjika." Zamani sehemu hiyo ilikuwa imezama katikati ya hadithi, hakuna aliyekuwa macho ilipopita. Leo inaombwa kwa namba. Mtoto wa muuza mkaa ameishika kwa moyo, na akiniona barabarani anajiangusha chini kunionyesha ilivyokuwa.

6. Mchoro.

Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Siku ya wazazi niliingia darasa la tatu nikiwa na shati lililopigwa pasi. Ukutani walikuwa wamebandika michoro ya watoto. Mmoja alichora ua na mishale yake: petali, shina, mizizi. Mwingine baiskeli. Wangu alinichora mimi nimelala kwenye kiti cha saluni, mdomo wazi, mishale pande zote. Kichwani: "upara (unaanza)". Mdomoni: "sauti hutokea hapa". Tumboni: "kitambi (kinakua)". Mfukoni: "pipi alizosema zimekwisha". Na pembeni, kwa wino mwekundu wa mwalimu wenu: "Vizuri sana! Mishale imenyooka."

Wazazi walipita mmoja mmoja, wanatazama mchoro, wananitazama mimi, wanarudi kwenye mchoro kuhakikisha.

Nilimfuata mwalimu hapo hapo. Ni binti mpole, ana sauti ya chini, na nikiri nilijiandaa kwa mtu mkali zaidi. Nikaanza kueleza: ngamia, poda, gari la daktari, mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Pole, mzazi. Katika yote hayo, wazo kuu ni lipi?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama pale natafuta wazo kuu. Nilifika nyumbani bado nalitafuta.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote ofisi yako ifanye yafuatayo. Mwalimu huyo aondolewe kwenye kusoma, apewe somo lisilo na madhara, kwa mfano kuruka kamba. Watoto warudishwe kuanzia neno la kwanza, na mtoto atakayekutwa amefungua kitabu upande wa nyuma apelekwe kwa mlezi wa wanafunzi. Tena, vitabu vyote vya maktaba viletwe saluni kwangu jioni. Nitavinyoa mwenyewe, yaliyomo mbele na faharasa nyuma, bila malipo, nitavifuta vumbi na kuvipaka spiriti, na mtavipokea asubuhi vikiwa safi kabisa, havijui chochote kilipo.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa geti, mama wa usafi ambaye mwanawe namnyoa, na kengele yenu, ambayo ndiyo saa yangu. Mwalimu wa darasa la tatu msalimie pia, lakini usimwambie ni mimi.

Ni mimi, mzazi mwenye majonzi na kiti kitupu,
Kinyozi, Baba Chiriku.

Nyongeza baada ya kusaini:

Tafadhali usiyajali yote yaliyoandikwa hapo juu. Nisikilize haraka.

Barua hii niliimaliza jana, na asubuhi hii nilikuwa nikitafuta bahasha ndipo nikasikia harufu ya gesi jikoni. Jiko ni jipya. Mama mkwe akapiga kelele, mke wangu akapiga kelele, nami kama mwanamume wa nyumba nikachukua kiberiti ili niwashe nione inavuja wapi. Njiti ilikuwa imekwisha kugusa ubavu wa kiberiti. Ndipo Chiriku, ambaye alikuwa amekichomoa kile kitabu kidogo kilichokuja na jiko kutoka kwenye nailoni ambayo hatukuwahi kuifungua, akatazama yaliyomo, akafungua mahali alipopataka, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Baba, usiwashe! Imekolezwa wino!"

Sikuelewa, lakini mkono ulielewa. Nikaiangusha njiti. Anasema mwalimu amewaambia kwamba neno likikolezwa wino ni mwandishi anakushika mkono ili usilipite. Akasoma: funga valvu. Mke wangu akafunga. Fungua madirisha. Tukafungua. Toeni watu nje. Tukatoka, mama mkwe akiwa ndani ya khanga moja na mimi nikiwa na kiatu kimoja. Mtoto nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa la tatu abaki. Aongezewe vitabu. Akitaka kunyolewa... hapana, yeye ni mwanamke, lakini kama ana mume, ndugu au babu, waje wote, mimi nipo.

Lakini kuna jambo moja la dharura. Kitabu cha jiko kina sehemu yenye kichwa "Lini Mnaweza Kurudi Ndani". Chiriku alikuwa ndiyo kwanza ameifikia wakati kengele yenu ilipolia. Alikimbia shule na kitabu kimo kwenye mkoba wake, anataka kumwonyesha mwalimu. Sisi tupo nje ya mlango wa nyumba, ng'ambo ya uzio wa nyuma wa shule yenu, barua hii naimalizia ukutani, na hakuna anayethubutu kuingia. Mke wangu ameshauri tungoje kidogo kisha tujaribu. Nimemwambia hatujaribu kitu ambacho kimeandikwa.

Naomba, kama si usumbufu, Chiriku aruhusiwe kusimama dirishani atusomee kwa sauti. Ukituma mlinzi atatuona kwa urahisi: ni sisi watatu tunaotazama dirisha la darasa la tatu.