Jante Nne Kifuani, Mama Mukwe Mlangoni

Leo aibu imenila mzimamzima. Nimejifungia chumbani, kifua kinauma, na kila anayepita nje anagonga lango langu la bati makusudi kisha anacheka. Wacha nieleze mwenyewe kabla hamjasikia ya uongo.

Mimi ni mwembamba, sikatai. Nauza sandali pale sokoni, na sandali hazijengi kifua. Sasa, siku tulipokwenda kumposa Georgine, baba yake, Papa Bosco, aliniangalia juu mpaka chini, akasema mbele ya wajomba zangu wote:

"Kijana, vita iko inakaribia. Bibi yangu, mama ya Georgine, magoti inamuluma, hawezi kukimbia. Siku tutakimbia, weye na hii mikono yako, utamubeba? Tukuone kwanza. Jibu tutatoa nyuma."

Wajomba walitazama viatu vyao. Hata mmoja hakunitetea!

Donc, asubuhi hii nikatoka kutafuta vyuma vya kujenga mwili nyumbani. Dukani mjini kulikuwa na haltere za kweli, nyeusi, zinang'aa, zilizoingia kabla njia ya Goma haijafungwa. Nikauliza bei, nikaaga kwa heshima. (Tangu vita hii, hata kibiriti kinajiona kimekuja na ndege.) Nikafikiria kujaza saruji ndani ya makopo. Lakini jirani yangu alijaribu, kopo likamwangukia kidole cha mguu, mpaka leo anatembea kama bata.

Nikaishia kwa Tonton Saidi, muuza vyuma vikuukuu. Ana springi, ana pinyo za gia ya lori, ana jante za magurudumu ya jeep. "Chagua, mutoto wangu. Chuma ni chuma."

Miye nikajifanya fundi. Mama yangu alinifunza kuchagua sufuria: unaigonga kwanza. Ikilia vizuri, iko nzima. Basi nikagonga jante moja moja kwa jiwe, sikio karibu, macho nimefumba. Tonton Saidi akanitazama weee, akashindwa kuvumilia.

"Unatafuta jante ya mazoezi ao ya kengele ya kanisa?"

Nikacheka. (Ningejua, ningelia!) Nikachukua nne zilizolia vizuri kupita zote, na bomba moja la chuma. Mtu wa toleka akabeba kwenye baiskeli yake, akinitukana njia nzima.

Sasa mujue kitu kimoja. Kwenye avenue yetu, kengele ni jante iliyotundikwa mlangoni kwa chef, mkubwa wa mtaa. Ikipigwa polepole, ni mkutano. Ikipigwa mbiombio bila kupumzika, adui amefika, kila mtu akimbie. Mtoto anajua, mbuzi anajua. Na miye nilijua! Akili ilikuwa kwenye kifua.

Nilipofika nyumbani nikavua nguo, nikabaki na kaputula ya zamani ya kuchezea mpira. Nikavalisha jante mbili kila upande wa bomba, nikazifunga kwa mipira ya baiskeli, nikalala juu ya benchi. Mara ya kwanza chuma kikapanda. "Nzoto makasi, mwili wa nguvu!" nikajisifu kwa sauti. Mara ya pili kikashuka kifuani, kikakataa kurudi.

Nikasukuma, wapi! Nikatikisa kidogo ili kiteleze. Mipira ikalegea, jante zikaanza kugongana: ngo-ngo-ngo-ngo!

Nje nikasikia, "Wamefika! Wamefika!" Sufuria zinaanguka, wamama wanaita watoto, milango inapigwa. Hapo na miye nikashikwa na woga. Yesu wangu, vita imefika na miye nimelaliwa na chuma! Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Kadiri nilivyotikisa, ndivyo walivyokimbia. Kadiri walivyokimbia, ndivyo nilivyotikisa.

Halafu kimya. Avenue nzima imehama. Nikaita, "Mama yeee!" kwa sauti ya kuku anayechinjwa.

Akaja mama, lakini si wangu. Mama Georgine! Nyumba yao iko nyuma ya ua wangu. Amesimama mlangoni, mwiko wa mboga ya pondu mkononi.

Kwetu mama mukwe humwangalii usoni. Unainama, macho chini. Sasa miye nimelala chali, nusu uchi. Ningeinamia wapi?

"Kumbe njo weye unalia hivi?"

"Yambo, mama."

Akashika bomba upande mmoja, mkono mmoja tu, mwiko haukutoka mkono wa pili. Akainua. Nikateleza chini, nikasimama, nikageuka kutafuta shati. Akatazama ukuta haraka.

"Kijana, kaputula iko na tundu."

Sikumaliza kufunga vifungo, avenue ikarudi na hasira. Chef ana kiatu kimoja. "Nani amepiga jante?" Mbele yao Papa Bosco, jasho linamtiririka, amekumbatia radio yake kama mtoto mchanga. Akaona bomba, akaona jante, akaniona.

"Nilisema! Huyu chuma tu inamushinda, njo atabeba bibi yangu?"

"Papa Bosco," Mama Georgine akasema polepole. "Bibi yako alikuwa wapi?"

Papa Bosco akakaza radio kifuani.

"Umetoka na radio. Miye umeniacha na magoti yangu."

"Eeeeh!" watu wakaitika.

"Nilizania uko nyuma yangu, mama."

"Niko nyuma yako tangu uliniowa. Haujageuka hata siku moja. Huyu mutoto, afazali nimemukuta mahali pake."

(Jamani, ningekwenda wapi? Lakini nikakaza sura kama shujaa.)

Papa Bosco akaweka radio chini. Akakohoa. Akamtazama mke wake, akatazama watu, akakohoa tena.

"Bon. Wajomba zake walete mbuzi ya posa siku ya Mungu, kisha misa."

Georgine amenipigia simu kutoka Isangi, alikokwenda kununua samaki. Hata salamu hakutoa, ni kicheko tu mpaka umeme wa simu ukaisha. Sawa, yeye acheke, ni bibi yangu. Nyinyi wengine, nawapigia magoti: mufunge midomo mpaka mbuzi apokelewe. Papa Bosco akisikia munacheka, atajiuliza vizuri kwa nini sikukimbia.