Mtakatifu Marta wa Sabuni

Jumatatu, 6 Mei 1867, Maonyesho ya Dunia, Paris.
Sanamu imesimama! Mtakatifu Marta, mlinzi wa wapishi na akina mama wa nyumbani, kanipita kimo, sabuni tupu ya zeituni kutoka kiwandani kwangu Marseille. Miguuni pake joka alilolitiisha. Waingereza wameleta birika, Waaustria viti. Nani atawatazama? Nikipata medali, nitaipiga chapa kwenye kila mche wa sabuni. Nikikosa, mke wangu Nanon kaapa kumpa kaka yake kiwanda akaushie samaki.

Nikunong'oneze, daftari: joka ni la shahamu ya ng'ombe, nimelipaka rangi. Ibilisi hastahili zeituni.

Jumanne, 7 Mei.
Jirani yangu wa meza ni mjane Roubaud, naye mtengeneza sabuni. Kapanga miche, kaweka beseni la maji. Basi! Watu wananawa, wanakwenda zao. Nilimhurumia, mpaka aliponiuliza, "Jirani, mtakatifu wako anaoga lini?"
Nimesali rozari, nusu yake kwa hasira.

Alhamisi, 9 Mei.
Mpango! Nikawasha mishumaa mbele ya Marta, nikavua kofia, nikapiga magoti. Adhuhuri foleni ya akina mama, kila mmoja akimbusu mguu. Ushindi. Baadaye wakarudi kulalamika kwamba ulimi unawawasha. Mjane akawapa maji ya kusukutua. Wakabaki kwake kunawa. Kidole gumba cha Marta kimekwisha.

Ijumaa, 10 Mei.
Waamuzi wamefika. Mkubwa wao alitaka kipande cha kujaribu, akaelekeza kisu kwenye goti la Marta. Nikajitupa katikati. Nikamwambia kisu hakimgusi mtakatifu mimi nikiwa hai.
Akasema kwa upole, "Basi, Bwana Gaubert, tukate joka."
Wakakata mkia. Wakasugua, wakasugua. Maji yakabaki maji, mikono ikanuka mchuzi.
"Bwana," akasema akijifuta, "sabuni yako inahitaji sabuni."
Akaenda kunawa kwa mjane.

Jumapili, 12 Mei.
Medali kaipata mjane. Nimetoka misani na moyo mweupe, kosa nimeliona: joka lilikuwa kubwa mno, linatamanisha kisu. Nimemwandikia Nanon asitoe kiwanda bado. Maonyesho yajayo naleta Karamu ya Mwisho, mitume kumi na mmoja wa zeituni safi. Yuda tu ndiye wa shahamu.

Huyo wakitaka kumkata, sitawazuia.