Ombi la Kitufe cha Kumsimamisha Mkunga Mkuu

Ndugu Mkurugenzi wa kampuni iliyotengeneza mchezo wa "Wadi ya Mwisho",

Nakuandikia nikiwa hai na mzima, hali ambayo ndani ya mchezo wenu sijawahi kuwa nayo kwa zaidi ya dakika kumi mfululizo.

YAH: KUOMBA KITUFE CHA KUSIMAMISHA MCHEZO, HATA KIKIWA KIDOGO

Mimi ni mama wa watoto wawili: binti wa miaka minne, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa jinsi anavyotuamrisha, na mdogo wake wa miezi mitatu. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Niko likizo ya uzazi, inakwisha Jumatatu. Mchezo wenu niliazimwa na wifi yangu pamoja na mashine yake wiki niliyotoka kujifungua. Alisema, "Chukua, wifi, usije ukachizi kwa kukaa bure humu ndani." Hilo la kukaa bure nilimsamehe, hana mtoto. Anakuja kuchukua vitu vyake Jumamosi saa kumi jioni. Leo ni Jumatano.

Kama barua hii itafunguliwa na katibu muhtasi ambaye hajawahi kucheza, namweleza kwa kifupi. Unakuwa askari wa kike mwenye taa na panga, umefungiwa kwenye hospitali iliyohamwa zamani. Unapanda ghorofa moja baada ya nyingine ukipigana na wagonjwa waliokataa kuzikwa, na juu kabisa anakungoja Mkunga Mkuu. Nimemfikia. Ameniua mara mia mbili na kumi na mbili.

Silalamikii kuuawa. Kufa nimeshazoea. Ila tangu nijifungue, Ndugu Mkurugenzi, hakuna kitu nilichokianza nikakimaliza. Chai inapoa nusu. Nywele zangu zimesukwa upande mmoja, wa pili unangoja toka mwezi jana. Nimejiapiza kwamba kabla sijarudi kwenye cherehani nitamaliza kitu kimoja, kimoja tu, mwanzo hadi mwisho. Nimemchagua Mkunga. Sasa sikiliza mnavyonikwamisha.

1. Mchezo wenu hausimami. Nimebonyeza kila kitufe, hata kile cha kuzimia runinga. Nikifungua begi la vitu vyangu, nyuma ya begi Mkunga anazidi kuja, polepole, visigino vikigonga sakafu. Pambano lake ni dakika kumi na moja kwa asiyekosea. Mtoto wangu hulala saa nane mchana kwa dakika arobaini, na thelathini zinaishia kwenye nepi na kumtuliza Mwenyekiti. Mkunga akishabakiza damu kidogo, mtoto anaamka. Sijui nani anamtonya. Nanyanyuka, nambeba, nikirudi nakuta askari wangu kalala kifudifudi. Halafu kuna Baba Watoto. Yeye ni mwokaji mikate, anatoka kazini saa saba na kujinyoosha kwenye kochi akinukia hamira. Mtoto akilia anafungua jicho moja na kusema, kwa upole wote, "Si usimamishe kidogo, mama, mtoto analia." Kisha analifunga. Kila siku, neno lile lile. Kwa hiyo mnanigombanisha na mtu mwema.

2. Lile benchi la kupumzikia. Mmeandika kwamba askari akikaa hapo majeraha yote yanapona. Kweli yanapona. Lakini akisimama tu, maadui wote aliokwisha kuwaua wamefufuka na kurudi mahali pao. Hiyo si hadithi ya kutisha, hiyo ni kamba yangu ya nguo. Kama mnataka kumwogopesha mama, bunini kitu ambacho hajakiacha jikoni kimelowekwa.

3. Mkunga ana mikono sita. Mmoja anashika taa, mmoja mkasi, mmoja funguo, mitatu ananipigia mimi. Na hana hata mtoto mmoja wa kubeba! Mimi nina miwili, na mkono wa kushoto kuanzia asubuhi una mtu juu yake, hivyo napigana na mkono wa kulia na kidevu. Naomba haki itendeke: apunguzwe miwili au niongezwe miwili. Mkiniongeza, nitafurahi ikiwezekana nibaki nayo hata baada ya mchezo.

4. Nashukuru kwamba mliweka maandishi ya Kiswahili. Ila askari akifa, runinga nzima inajaa neno UMEKUFA, herufi nyekundu, kubwa kama bango la duka. Mwenyekiti yuko chekechea, ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Wenzake wanasoma BABA na MAMA. Neno la kwanza kusoma binti yangu ni hilo. Wiki iliyopita waliambiwa wachore familia, akatuchora vizuri sana, mimi na nywele zangu za upande mmoja, baba yake kwenye kochi, na chini ya baba akaandika UMEKUFA. Mwalimu aliniita kwa pole. Alishanunua na kadi. Nilipomweleza kwamba mume wangu yupo, analala tu, aliniangalia kwa huruma zaidi kuliko mwanzo.

5. Mkunga haumwi, haendi msalani, haulizi chakula kiko wapi. Siku zote hizi anasimama mlango ule ule akinisubiri, bila kununa. Humu ndani hakuna mwenye uvumilivu huo. Kwa hiyo, kama kitufe kina ugumu, naleta ombi mbadala: nipeni yeye. Aje saa nane kamili, aache mkasi kwenu, ambebe mtoto dakika kumi na moja. Fani yake inamruhusu. Wakati huo mimi nitapambana na yeyote mtakayemweka mlangoni badala yake, hata wewe Mkurugenzi, na nakuahidi sitakuumiza kupita kiasi.

Hayo ndiyo maombi yangu, na naona hakuna lisilo la busara. La kwanza ndilo muhimu. Kitufe kimoja. Si lazima king'ae.

Nisalimie wafanyakazi wote hapo, yule anayechora meno ya wale wagonjwa, yule wa sauti za visigino, na mama zao waliowalea hadi wakapata nafasi ya kukaa na kubuni mambo haya. Wifi yangu anawasalimu. Mwenyekiti anawasalimu, na ameomba aandike neno lenu hapa chini, nimemkatalia.

Ni mimi, mteja wenu ninayewafia kila siku,
Mama Wawili

N.B. Leo ni Jumapili. Ndugu Mkurugenzi, yote niliyoandika hapo juu, naomba uyafute.

Alhamisi nilimpa Baba Watoto barua hii aniangalizie makosa ya kuandika. Alisoma lile la kwanza, akarudia, akakaa kitako. "Kumbe haisimami?" Nikamwambia haisimami. "Kabisa?" Kabisa. Kumbe siku zote hizo alidhani ninaweza kusimamisha ila sitaki, na mimi nilidhani anajua ila hajali. Akarudi juu ya barua, kisha akasema, "Mungu wangu, mama. Mia mbili na kumi na mbili?"

Jana saa tisa kasoro dakika ishirini, Mkunga akiwa na damu ya kukwangua, mtoto akaanza. Nikaweka rimoti chini. Sauti ikatoka kwenye kochi: "We! Kaa hapo hapo. Haisimami hiyo!" Akanyanyuka na jasho la usingizi, akambeba mtoto, akamshika Mwenyekiti mkono, wakatoka hadi mwisho wa mtaa. Mkunga nilimwangusha nikiwa peke yangu, nikipiga kelele ambazo jirani alikuja kuziulizia. Waliporudi nilikuwa bado sijagusa kitu. Mwenyekiti alisimama mbele ya runinga akapima zile herufi za dhahabu kwa kidole, akashindwa. Neno hilo hakuwahi kuliona. Tukalisoma pamoja: U-ME-SHI-NDA.

Kwa hiyo kitufe msiweke. Na kama mlishaanza kukitengeneza, tafadhali msimwambie Baba Watoto. Mashine imerudi kwa wifi, lakini leo asubuhi mtoto alipolia, amechungulia jikoni akauliza kama chai nayo inasimama. Nimemwambia haisimami. Akauliza kusuka nywele je. Nimemwambia hiyo ndiyo kabisa.

Akiwapigia simu kuhakikisha, jibuni hivyo hivyo. Barua naituma kama ilivyo kwa sababu bahasha nimeshaandika anwani, na chai yangu bado ya moto.