Mitamba wa Jenifa

Ambrosi hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hayupo, na Ambrosi alipenda watu wawepo, wamsikilize, wamkabidhi kwa mikono yao na ikiwezekana wamshukuru. Babu zake walibeba pembe za ndovu za watu wengine kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Yeye aliapa hatabeba cha mtu maishani. Kwanza angekifanya chake.

Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai kwenye kibanda karibu na stesheni ya Tabora, pikipiki yake ameiegesha mahali anapoiona. Meza ya jirani alikaa Levina, karani wa shirika linalofadhili watoto, akiongea kwa simu.

“Ndiyo, Jenifa wa Bukene, yule wa darasa la pili. Mfadhili wake wa Ulaya amemtumia mitamba wawili wa maziwa, tunakabidhi Alhamisi. Mzazi akiwepo anapewa yeye, asipokuwepo tunampa bibi. Mama yuko Kahama anauza chakula. Baba? Hajulikani. Hajakanyaga pale hata siku moja.”

Mtu mwingine angemwonea mtoto huruma. Ambrosi alisikia nafasi ya kazi imetangazwa.

Alhamisi akatua Bukene na suti ya kuazima na kitambaa cheupe cha kufutia machozi. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa akimsubiri Nzega. Uani kwa Apolinaria, bibi yake Jenifa, watu walikuwa wamejaa na mitamba wamefungwa kamba mpya. Ambrosi akapiga magoti.

“Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyepotea. Jenifa ni mwanangu.”

Bibi alimtazama kuanzia utosini hadi viatuni, kisha akaitazama na pikipiki.

“Marahaba. Unasema ni damu yako?”

“Damu yangu, mama.”

“Sema kwa sauti, mwenyekiti wa kitongoji ana sikio bovu.”

Akasema. Bibi akamwita kaka yake Masanja kutoka nyuma ya nyumba, ikabidi Ambrosi aseme tena. Haki ya Mungu alisema vizuri: wanawake wawili walilia, na yeye mwenyewe akajikuta anakihitaji kile kitambaa. Levina akafuta miwani, akamsainisha fomu, akamkabidhi kamba.

Hakuishika sana. Masanja alikohoa.

“Karibu, mkwe wetu. Sasa tuongee. Ulimzalisha binti yetu bila kutoa mahari hata kwato moja. Kwa desturi yetu mtoto ni wetu mpaka baba amkomboe. Ng'ombe wanne. Wawili nawaona hapa, Mungu ni mwema. Bado wawili.”

Akaitoa kamba mkononi mwa Ambrosi kwa upole mkubwa. Wazee wakageuka wote kuitazama pikipiki, wakaafikiana kwamba inatosha.

Ambrosi akamwinamia bibi. “Mama, tusifichane. Mimi si baba yake.”

“Najua, mwanangu,” Apolinaria alinong'ona. “Baba yake namjua mpaka kwao, na hana hata kuku. Ndiyo maana nilifurahi kukuona wewe. Kama umebadili mawazo, mwambie yule dada mwenye fomu. Polisi hawako mbali.”

Ambrosi akatoa ufunguo. Iliuma, tena iliuma kweli. Pikipiki ile ndiyo kitu pekee alichowahi kununua kihalali.

“Samahani,” Levina akasema, kalamu mkononi. “Bado swali moja. Baba mwenye uwezo akipatikana, kanuni inataka tusimamishe ufadhili wa mtoto. Wewe uwezo unao?”

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Apolinaria aliogopa. Mitamba hawa ni zawadi ya mara moja. Sare, madaftari na matibabu ya Jenifa, vyote vilitoka kwenye ufadhili ule. Ambrosi aliona hofu yake, naye akapata pa kulipizia kisasi. Akatuna kifua.

“Uwezo ninao. Nina maduka mawili Tabora, na nyumba ya kupangisha.”

Watu wakaangua kicheko: tajiri wa maduka mawili, na mahari kalipa kwa pikipiki! Tangu azaliwe Ambrosi alikuwa hajawahi kudanganya akakosa hata mtu mmoja wa kumwamini.

“Haya, baba Jenifa,” Levina akauliza, “na Tabora unarudije?”

Ambrosi aliitazama pikipiki. Masanja alikwishaikalia, anajaribu honi.

“Naomba nauli,” alisema.

Levina akaandika: Baba yupo. Hana uwezo.